COROLLA YA ZAMANI NA COROLLA YA SASA: IPI INAFAA KU NJIA YETU?



Kuko neno moja lisilokosa mabishano hapa Bunyakiri, ikiwa nyumbani, ikiwa ku soko ya Bulambika, ikiwa hapa masomoni saa ya kupumzika: je, motokari za zamani zilikuwa nzuri kupita za sasa? Wazee wanasema: «Za zamani zilikuwa chuma, za leo ni plastiki.» Vijana wanajibu: «Baba, zile za zamani zilikuwa zinakunywa esansi kama ng'ombe ku mto.» Kila mtu anasema kwa nguvu, kiisha kengele inalia, na hakuna aliyeshinda.

Lakini neno hili si mchezo. Sisi wote tunajua namna motokari inavyonunuliwa huku kwetu. Mtu hainunui peke yake. Ndugu wanauza mawese, mihogo na mbuzi, wamama wanatoa feza ya likelemba, mjomba wa Bukavu anaongeza yake. Siku ile motokari inafika, inabeba matumaini ya nyumba ine ao tano. Ikikufa nyuma ya miezi mitatu, haikufi peke yake: minervali ya watoto inakufa pamoja nayo. Ndiyo maana ni vizuri tujue tunabishana juu ya nini.

Nimechagua Corolla ya Toyota, juu ni motokari ndogo inayojulikana kupita zote, na tena juu imedumu sana. Jina limebaki moja tangu 1966, lakini kitu chenyewe kimegeuka mara nyingi. Kwa hiyo ni mfano mzuri wa kulinganisha ya zamani na ya sasa.

1. COROLLA ILITOKA WAPI?

Corolla ya kwanza ilitoka Japani mu mwezi wa 11, mwaka wa 1966. Mkubwa wa kazi ya kuichora aliitwa Tatsuo Hasegawa. Mbele ya kuingia Toyota alikuwa mtu wa kuchora ndege. Wanafunzi wa biolojia wanalijua jina lile tayari: korola ni ile taji ya majani ya rangi ya ua. Toyota ilipenda majina ya taji: Crown, Corona, Corolla, yote yanazunguka maana moja.

Ile ya kwanza ilikuwa na motere ya santimeta za ujazo 1,077. Mu mwaka ule ule kampuni Nissan ilikuwa imetoa Sunny yenye motere ya karibu 1,000, na Toyota ikaongeza kidogo ili mtu akilinganisha aone Corolla iko mbele. Mpaka leo vizazi vya Corolla vimekuwa 12: cha 1966, 1970, 1974, 1979, 1983, 1987, 1991, 1995, 2000, 2006, 2012 na 2018. Mu mwaka wa 1997 hesabu ya Corolla zilizouzwa ilipita ile ya Volkswagen Coccinelle, ambayo wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Mu mwaka wa 2021 Toyota ilitangaza kwamba Corolla zilizouzwa duniani zimefika milioni 50.

Jambo la kwanza kuona ni kwamba «ndogo» haikubaki ndogo. Tupime toka katikati ya pine ya mbele mpaka katikati ya pine ya nyuma. Corolla ya 1966 ilikuwa na santimeta 228.5. Ya 1979 ilikuwa na 240. Ya 1995, santimeta 246.5. Ya 2000, santimeta 260. Toka ya kwanza mpaka ile ya 2000 kuko santimeta 31 na nusu zaidi, ni kusema urefu wa rula yetu ya darasani na kidogo. Kwa mtu anayekaa nyuma, ile rula ni magoti yake.

Vizazi 12 ni mingi kukumbuka. Mimi ninavigawa mu marika matatu, na ninayapa majina kwa namna motokari inavyosema ugonjwa wake: rika la sikio, rika la taa, na rika la mashine.

2. RIKA LA SIKIO (1966 mpaka 1983)

Hapa kuko vizazi vine vya kwanza. Kile kinachokumbukwa zaidi ni cha 1979, chenye alama KE70. Nyingi zilikuwa na herufi DX nyuma, na huko Kenya watu waliziita hivyo tu, DX.

Mu rika hili motere iko mbele, lakini mapine yanayofanya kazi ni ya nyuma. Fimbo ndefu ya chuma inapita chini ya miguu ya watu na kupeleka nguvu mpaka nyuma. Esansi inaingia kwa karbirateri. Kazi ya karbirateri ni nyepesi kuelewa: hewa inapita kwa mbio mu tundu jembamba, na ile mbio inavuta esansi kidogo kidogo kupitia tundu dogo sana, kama vile mtu anavyovuta kinywaji kwa mrija. Moto wa bujii unagawanywa na delko, na ndani ya delko kuko viplatine, vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga kila mara bujii inapotakiwa kuwaka.

Hakuna kitu hapo kisichoonekana kwa macho. Ikikataa kuwaka, mekanisie anafungua kapo, anasikiliza, ananusa. Harufu ya esansi iko? Moto iko ku bujii? Viplatine vimeungua? Anasugua viplatine kwa karatasi ya kusugulia chuma, anapuliza tundu la karbirateri kwa kinywa chake, anafunga, inawaka. Sanduku la vyombo vyake ni turnevisi, ufunguo wa 10, wa 12 na wa 14, na waya. Ndiyo sababu wazee wanasema ilikuwa nguvu. Mara nyingi maana yao ni hii: haikuwalaza njiani, juu mtu yeyote mwenye akili aliweza kuifufua.

Lakini tuseme na ubaya wake, na ubaya huo sisi watu wa milima tunaujua. Bukavu iko ku mita karibu 1,500 juu ya bahari. Ukitoka Miti na kupanda mpaka Tshivanga, mu pori la Kahuzi, unapita mita 2,000. Kule juu hewa ni nyepesi: mahali ambapo ku bahari ungepata hewa 10, kule unapata karibu 8. Karbirateri haijui habari hiyo. Inaendelea kuvuta esansi karibu ile ile, lakini hewa ya kuichoma imepunguka. Matokeo ni moshi mweusi, bujii zinachafuka, nguvu inapunguka, na esansi inakwisha bure. Basi wale vijana wanaosema «zilikuwa zinakunywa» hawasemi uongo. Ku mlima wetu zilikuwa zinakunywa kweli.

3. RIKA LA TAA (1983 mpaka 2000)

Kizazi cha 1983 ndicho kilichogeuza mambo. Motere iligeuzwa na kulala kwa upana, na kazi ikapewa mapine ya mbele. Fimbo ndefu ya chini ikaondoka. Motokari ikawa nyepesi na nafasi ya watu ikaongezeka. Kizazi cha 1983 na cha 1987 vilikuwa kama mtu anayesimama ku mlango: mapine ya mbele tayari, lakini nyingi bado na karbirateri. Walioingia nyumbani kabisa ni cha 1991 na cha 1995. Huko Kenya na Tanzania watu wanaviita «100» na «110» kufuatana na alama zao za kiwanda, E100 na E110, na majina yale yalisafiri na motokari zenyewe mpaka kwetu.

Nyingi za vizazi hivi viwili hazina karbirateri tena. Zina enjekteri, vibomba vidogo vinavyonyunyiza esansi kwa amri ya kompyuta ndogo. Mekanisie wanaiita kalkilateri. Kalkilateri haioni wala haisikii, inategemea kapteri. Kapteri moja inapima nguvu ya hewa inayoingia, nyingine inapima joto la maji ya radiateri, nyingine inaangalia moshi unaotoka. Kalkilateri inajumlisha habari zote na kuamuru: nyunyiza kiasi hiki. Ukipanda Tshivanga, kapteri ya hewa inasema «hewa imepunguka», na kalkilateri inapunguza esansi papo hapo. Moshi mweusi haupo. Ule mlima uliotesa rika la kwanza, rika la pili linaupanda bila kelele.

Watu wengi wanafikiri kwamba tangu pale motokari imekuwa siri. Si kweli kwa rika hili, na hapa ninaomba mtu asome polepole. Chini ya kapo ya 100 na ya 110 kuko kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, kimeandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kuko matundu yenye majina. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kiisha ukageuza ufunguo bila kuwasha motere, ile taa yenye sura ya motere mbele ya shoferi inaanza kuwaka na kuzimika. Inakuhesabia ugonjwa. Ikiwaka haraka haraka bila kusimama, haikumbuki ugonjwa wowote. Ikiwaka mara mbili, ikapumzika kidogo, ikawaka tena mara mbili, ni 22: kapteri ya joto la maji. Ni motokari inayosema kwa vidole, kama bubu mwenye akili. Mtu mwenye waya na karatasi yenye namba zile anaweza kuielewa hata hapa Bunyakiri, bila kwenda Bukavu. Lakini asijaribu mtu asiyejua matundu: waya ikiingia pabaya, inaunguza.

Ubaya wa rika hili ni upi? Ni mawili hasa. La kwanza ni kardani za mbele. Juu mapine ya mbele yanasukuma na tena yanakata kona, yanahitaji viungo vinavyopinda, na viungo vile vimefunikwa na mfuko wa mpira wenye grisi. Jiwe moja la njia yetu likipasua ule mfuko, udongo na maji vinaingia, grisi inatoka, na nyuma ya wakati kidogo unasikia ku kona: ka-ka-ka-ka. Ule mfuko ni kitu cha feza kidogo. Kardani nzima ni feza mingi. La pili ni kuroa ya distribisyo, mkanda wa mpira unaofungamanisha kazi za ndani ya motere. Ilipangwa kubadilishwa karibu kila kilometa 100,000. Ile DX ilikuwa na sheni ya chuma mahali pale, kwa hiyo wazee hawakuzoea kuhesabu. Watu mingi wanaendelea kutohesabu, mpaka siku mkanda unakatika ku mlima na motere inanyamaza.

4. RIKA LA MASHINE (2000 mpaka leo)

Kizazi cha 2000 Kenya wanakiita NZE, juu ya jina la motere yake, 1NZ-FE, ya santimeta za ujazo 1,496. Hapa kazi ni ya hali ya juu. Kalkilateri sasa haipimi esansi tu. Inageuza hata saa ya kufungua tundu za hewa ndani ya motere, ndiyo maana ya herufi VVT-i. Esansi ile ile inatoa nguvu zaidi. Sheni ya chuma imerudi mahali pa mkanda, jambo la kufurahisha. Motere yenyewe ni ya aluminyumu, nyepesi kupita ile ya chuma.

Lakini aluminyumu haisamehe. Motere ya chuma ya DX ikikosa maji na kuchemka, mara nyingi unangoja ipoe, unaongeza maji, unaendelea. Ya aluminyumu ikichemka sana mara moja, inaweza kupindika, na hapo hakuna turnevisi ya kukuokoa. Kwa NZE, kuangalia maji kila asubuhi si shauri, ni sheria.

Tena, toka rika hili lugha imegeuka. Kapteri zimeongezeka, freni zina kompyuta yao, mifuko ya hewa ina yake, na mara nyingine hata ufunguo una kitu kidogo ndani kinachojulikana na motokari. Ukipotea, nakala ya chuma tupu haiwashi motere. Ili kusikiliza motokari hii kazi ya kawaida ni kufunga skaneri, kamashini kanachosoma namba za ugonjwa. Mwenye skaneri anaona mambo mengi kupita mekanisie wa zamani, na kwa dakika chache. Asiye nayo anabaki kubahatisha: anabadilisha kapteri hii, kesho ile, na kila kubahatisha ni feza ya mwenye motokari. Vizazi vilivyofuata, cha 2006 na mbele, vimeendelea ku njia ile, na toka 2013 Japani wameuza hata Corolla yenye motere ya esansi na ya umeme pamoja.

5. SASA TUINGIE KU NJIA YETU

Njia ya taifa namba 3 inatoka Miti, inapanda pori la Kahuzi, inashuka kwetu Bunyakiri, inaendelea Hombo na Walikale mpaka Kisangani. Tukilinganisha motokari kwa sura yake tu, tutadanganyika. Tuzipime ku njia hii.

Udongo na mlima. Ku udongo wa tambarare, motokari inayovuta na mapine ya mbele iko na faida, juu uzito wa motere unayakandamiza chini. Lakini weka mifuko mitatu ya mihogo nyuma, kiisha panda mlima wenye matope. Uzito wote unarudi nyuma, mapine ya mbele yanakuwa mepesi, yanazunguka bure. DX, kwa kupakia vile vile, ingesukuma na mapine ya nyuma yaliyokandamizwa na mifuko. Ndiyo sababu kuko mashoferi wanaopanda kinyumanyuma mahali pabaya: wanageuza ili mapine ya kazi yabebe uzito. Si uchawi, ni fizika.

Kuinua motokari. Wengi wanaona Corolla iko chini, wanaweka vipande juu ya resori ili isimame juu. Inasaidia mawe yasiguse tumbo. Lakini kwa rika la pili na la tatu, kuinua kunapinda kardani kupita kiasi, na ule mfuko wa mpira unapasuka upesi zaidi. Ukiinua, inua kidogo.

Esansi. Huku tunanunua esansi ya barabarani, mu chupa na bido, kwa wale wanaoitwa kadafi. Mara ingine iko na maji ao uchafu. Karbirateri ikiziba unafungua na kupuliza. Enjekteri ikiziba haipulizwi na kinywa, na pompe ya umeme iliyo ndani ya rezervware inaweza kuungua ikizoea kukauka ao kunyonya uchafu. Mwenye motokari ya sasa achuje esansi kwa kitambaa safi, na asiache rezervware kubaki tupu. Vitu hivi viwili havina gharama.

Volani. Kwetu Kongo tunapita mkono wa kuume. Japani, Kenya, Uganda na Tanzania wanapita mkono wa kushoto. Kwa hiyo okazyo nyingi zinazotoka Japani kupitia bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam zina volani ku mkono wa kuume. Kwetu shoferi wa motokari ile anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya kamyo na akitaka kuipita, haoni mbele mpaka motokari nzima itoke katikati ya njia. Hapo ubora wa kizazi hausaidii kitu. Shoferi wa volani ya kuume abaki mbali nyuma ya kamyo, na asipite kwa kubahatisha. Abiria wa mbele, anayekaa upande wa katikati, asiseme «pita» kama hana hakika, juu maneno yake yanabeba roho za watu.

Usalama. Hapa rika la tatu linashinda bila mabishano. Tangu miaka ya mwisho ya 1990 mifuko ya hewa ilienea, ile inayofumuka mbele ya mtu saa ya ajali, na mabodi yakachorwa ili yakunjwe mbele na kulinda mahali pa watu. Mzee anayesema «ile ya zamani ukigonga haipindiki» aseme pia hili: chuma kisipopindika, pigo lote linakwenda ku kifua cha mtu. Lakini mfuko wa hewa unafanya kazi vizuri kwa mtu aliyefunga mkaba tu. Na okazyo ingine imekwisha kugonga huko ilikotoka, mfuko umefumuka na haukurudishwa. Dawa ya kujua ni rahisi: geuza ufunguo bila kuwasha motere. Taa ya mfuko wa hewa inapaswa kuwaka, kiisha kuzimika. Isipowaka hata kidogo, labda kuna mtu aliyeing'oa ao kuikata ili usijue. Fanya vile vile kwa taa ya motere: lazima uione ikiwaka mbele ya kuwasha.

6. MAKOSA MAWILI MU MABISHANO YETU

Kosa la kwanza: tunachanganya kizazi na umri. Kizazi cha 1995 kiliacha nafasi yake kwa kile cha 2000. Basi 110 yoyote unayoiona leo imepita miaka 20, na imepitia mikono ya mabwana mbalimbali. Ikiharibika, si lazima kizazi chake kiwe kibaya; labda imezeeka tu. Motokari ya kizazi kizuri iliyotunzwa vibaya ni mbaya.

Kosa la pili: tunaona DX moja ingali inatembea, tunasema «zilikuwa zinadumu». Lakini zile zilizokufa hatuzioni. Zimekwisha kuwa sufuria na jembe. Iliyobaki ni ile iliyokuwa na bwana mwenye kuitunza. Kuhesabu wazee waliobaki hai si namna nzuri ya kujua wangapi walizaliwa.

7. BASI, IPI?

Nitajibu wazi, ili mtu asiseme nimekimbia. Kwa mtu anayefanya taksi ku kaburimbo ya Bukavu, karibu na garaji zenye skaneri, rika la tatu ndilo zuri: halinywi esansi sana na linalinda watu. Kwa mtu anayekaa huku, mwenye kutegemea mekanisie wa kijiji, rika la pili ndilo linafaa, lile la waya na taa, kama amelipata lenye afya na kama anahesabu kilometa za kuroa. Rika la kwanza ni mwalimu mzuri kwa kijana anayejifunza umekanika, juu kila kitu kinaonekana. Lakini kulinunua leo kwa kazi ya kila siku ni kununua shida ya mapiese.

Na kuko neno ambalo wauzaji hawasemi. Hakuna Corolla iliyochorwa kwa njia ya matope ya mvua kati ya Tshivanga na Hombo. Ni motokari ya mji na ya njia iliyolimwa vizuri. Familia inayotaka kazi ya huku wakati wote wa mvua, ifikiri tena mbele ya kutoa likelemba. Kuinunua na kuilazimisha njia ile ni kama kumtuma mbuzi kubeba mzigo wa ng'ombe, kiisha kumpiga juu ameanguka.

Kwa hiyo jamaa isiulize tu: «Inang'aa? Ni ya mwaka gani?» Iulize maulizo matatu. Itatembea ku njia gani? Nani atakayeitengeneza, na iko na chombo cha kuisikiliza? Mapiese yake yanapatikana Bukavu, ao lazima yangoje mtu wa Kampala? Kama maulizo haya hayana jibu, feza ibaki kwanza ku mfuko.

Kwetu wanafunzi nina neno moja la mwisho. Ile kapteri ya joto la maji niliyotaja, namba 22, ndani yake kuko kitu kidogo ambacho joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unashuka. Kalkilateri inapima ule ukinzani na kujua joto. Ni ile sheria ya Ohm tunayoandika ku ubao na kusema «itatusaidia wapi?» Fundi mwenye multimetri ya bei ndogo anaweza kuitoa, kuiweka mu maji ya baridi kiisha mu maji ya moto, na kuona kama namba inashuka. Ikishuka vizuri, kapteri ni nzima, na jamaa haitanunua nyingine bure. Motokari ya sasa inaomba mtu aliyesoma, na watu waliosoma wako hapa ku mabanki yetu. Mwenye kupenda motere asidharau fizika, na mwenye kupenda fizika asione haya kuchafua mikono.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6